Hesabu Kabla ya Mtaji: Malezi ya Vijana Katika Fikra za Kibiashara

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, kijana anayemaliza shule hupokea ushauri uleule kutoka kwa mzazi, mwalimu, kiongozi wa dini na mgombea wa ubunge: ajiajiri, asikae kusubiri kazi ya ofisini. Ushauri huo una msingi, kwa kuwa ajira rasmi, yaani kazi zenye mkataba, mshahara wa kila mwezi na mchango wa hifadhi ya jamii, haziongezeki kwa kasi inayolingana na idadi ya wahitimu wanaoingia mtaani kila mwaka. Hata hivyo kuhimiza si kulea. Kijana anayesukumwa kuanzisha biashara kabla hajajua biashara inavyohesabiwa huweza kupoteza akiba ya wazazi wake, au kuingia katika deni linalomaliza miaka yake mizuri ya kazi, na aibu ya kushindwa ikamfunga asijaribu tena. Mhadhara huu unatetea hoja moja: kwamba fikra za kibiashara hufundishika, lakini hufundishika pale kijana anapogusa biashara halisi yenye fedha kidogo, wateja wa kweli na mtu mzima anayekagua daftari, na kwamba mtaji, hasa mtaji wa mkopo, unapaswa kufuata baada ya mafunzo hayo.

Wataalamu wa uchumi wamemweleza mjasiriamali kwa njia nyingi, na mbili kati ya hizo zinafaa hapa. Richard Cantillon, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake, alimwona kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua bado. Frank Knight, katika kitabu cha mwaka 1921, alitenganisha hatari inayoweza kupimwa na kukatiwa bima na ile hali ya kutojua isiyopimika kwa hesabu yoyote, akasema kwamba faida ya mfanyabiashara hutokana na kuibeba hali hiyo ya pili. Kutokana na maelezo hayo, fikra za kibiashara zinaweza kuelezwa kuwa ni mazoea ya kujiuliza, kabla ya kutoa fedha, ni nani atakayenunua, kwa nini anunue hapa na si kwa jirani, gharama zote ni kiasi gani pamoja na jasho la mwenye biashara, na kitabaki nini endapo mambo yatakwenda kombo. Mazoea hayo humfaa muuza duka, na humfaa vilevile mkulima wa vitunguu anayeamua auze shambani au asubiri bei ipande, pamoja na muuguzi anayepanga stoo ya dawa ya zahanati ili dawa zisiishe wala zisiharibike.

Malezi ya namna hiyo hayajapewa nafasi ya kutosha katika historia ya eneo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, ambao ulitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua juu ya matumizi ya kile walichozalisha. Sehemu ya kwanza ya wazo hilo ilitekelezwa kwa upana, ile ya pili kwa uchache mno, hata katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kupelekwa mwanafunzi aliyechelewa namba, na mavuno yakauzwa bila waliolima kuona kitabu cha mapato. Nje ya shule, kijana mchuuzi alitazamwa kama mzururaji. Sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo afanye kazi inayotambuliwa, na katika utekelezaji wake watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi, wakiwamo wachuuzi wadogo, walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Nchini Kenya, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kueleza kwamba mafundi na wachuuzi wasio na leseni wala majengo walikuwa wakizalisha kwa ufanisi huku wakisumbuliwa na mamlaka, nayo ndiyo iliyosaidia kueneza istilahi ya sekta isiyo rasmi, yaani shughuli halali za kiuchumi zilizo nje ya usajili na ulinzi wa sheria. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya mafundi hao, waitwao wa jua kali, kutajwa kwa heshima katika sera za nchi hiyo. Mambo yamegeuka tangu wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 2018 wachuuzi wa Tanzania walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wafanye shughuli zao bila kubughudhiwa, na leo mchuuzi kijana husifiwa jukwaani kuwa ni mfano wa kuigwa. Kutoka kufukuzwa hadi kusifiwa, amerukishwa hatua ya katikati, ambayo ni kufundishwa.

Biashara ya bodaboda inaonyesha pengo hilo kwa karibu. Vijana wengi huanza wakiwa deiwaka, yaani wakiendesha pikipiki ya mwenzao kwa siku moja moja, kisha hutafuta pikipiki ya mkataba. Katika mkataba huo mwenye chombo, ambaye kijiweni huitwa bosi, humkabidhi kijana pikipiki mpya, na kijana hupeleka kila siku kiasi kilichokubaliwa, kinachoitwa hesabu, hadi muda utimie na pikipiki iwe yake. Ichukuliwe, kwa ajili ya kukokotoa tu, kwamba pikipiki ingenunuliwa taslimu kwa shilingi 2,800,000, na kwamba hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku 6 za wiki kwa wiki 65. Jumla ni shilingi 3,900,000, na ile ziada ya 1,100,000 ndiyo gharama ya kukopeshwa chombo. Ziada hiyo ni karibu asilimia 39 ya bei, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko tarakimu inavyoonyesha, kwa sababu kijana hakai na deni zima kwa miezi yote 15: kila jioni analipunguza, ilhali ziada imepigwa juu ya bei nzima tangu siku ya kwanza.

Kijana huyo akiulizwa anapata kiasi gani kwa siku, hutaja fedha iliyobaki mfukoni baada ya mafuta na hesabu. Oili, tairi, cheni na breki hazimo katika jibu lake, wala faini, wala siku ya mvua kubwa au homa ambayo hesabu hudaiwa vilevile. Haumo pia uchakavu, yaani thamani ambayo chombo hupoteza kila kinapotembea, kwa hiyo mkataba unapokwisha hukabidhiwa kadi ya pikipiki iliyokwisha kuchoka, na kama hakuweka akiba ya kuitengeneza au kununua nyingine, hurudi kwa bosi kuomba mkataba mpya. Haimaanishi kwamba mkataba wenyewe ni uonevu. Bosi amebeba hatari ya wizi na ajali, na amemwamini mtu asiye na dhamana, yaani mali ya kuwekea mkopo, jambo ambalo benki nyingi hazithubutu kulifanya. Kinachokosekana ni uwezo wa kijana kuyaandika hayo yote katika karatasi moja kabla ya kutia saini, akaona kama siku zake za kazi zitamlipa kuliko kibarua cha ujenzi, na akajua masharti gani ayakubali na yapi ayakatae. Hisabati inayohitajika hapo haizidi ya shule ya msingi. Alikwisha kuisoma, ila hakupata kuonyeshwa kwamba inahusu mfuko wake mwenyewe.

Kosa linalofanana na hilo ndilo linaloitwa mtaani kula mtaji. Mwenye genge la matunda aliyeuza shilingi 60,000 jioni huona ana shilingi 60,000, ingawa 45,000 kati ya hizo ni za kurudi nazo sokoni alfajiri, na nyingine ni za pango na ushuru. Akitoa humo nauli, vocha, mchango wa harusi na chakula cha nyumbani bila kuandika, baada ya wiki kadhaa tenga linapungua ujazo, wateja wanahamia kwa mwenzake mwenye bidhaa nyingi, na yeye hueleza kwamba biashara imekuwa ngumu. Tiba yake inajulikana na wafanyabiashara wote wakongwe: mwenye biashara ajilipe ujira uliopangwa, hata uwe mdogo namna gani, na fedha nyingine zisiguswe.

Ni kweli pia kwamba hesabu humzuia kijana asiangamie, lakini hazimletei mteja. Ushahidi mzuri wa jambo hilo umetoka Lomé, nchini Togo, ambako watafiti waliwagawanya wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi kwa bahati nasibu: kundi moja likafundishwa masomo ya kawaida ya uhasibu, masoko na mipango, la pili likafundishwa mbinu za kisaikolojia za kuanzisha mambo kwa hiari yao, kutazama mbele, kutafuta jambo la kuwatofautisha na majirani na kuendelea baada ya kikwazo, na la tatu halikupata mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba faida ya kundi la pili iliongezeka kwa asilimia 30 kwa wastani, ilhali ongezeko la kundi la kwanza, asilimia 11, lilikuwa dogo kiasi kwamba lingeweza kuwa limetokana na bahati tu. Anayedhani kuwa semina ya siku chache juu ya daftari la mapato na matumizi itambadilisha kijana anapaswa kuyatafakari matokeo hayo kwa makini. Uhasibu unaofundishwa mbali na biashara yenyewe haufiki mbali.

Ubunifu nao huota juu ya ujuzi uliokwisha kuwapo. Joseph Schumpeter, aliyeandika mwaka 1911, alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayeviunganisha vitu vilivyopo kwa namna ambayo haijafanywa. Jiko la mkaa lenye ganda la bati na kikombe cha udongo ndani yake, ambalo lilibuniwa nchini Kenya mapema katika miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand, lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali walikuwa tayari wanajua kukunja bati, wanajua bei ambayo mama wa Nairobi angeikubali, na wana mahali pa kuuzia. Walipoona linauzika kwa kuwa linapunguza matumizi ya mkaa, mafundi wengine waliiga, bei ikashuka, na majiko mabovu yenye udongo unaopasuka upesi yakaingia sokoni pamoja na mazuri. Hapana shaka kwamba kuiga huko kulimuudhi aliyetangulia, lakini ndiko kulikowafikishia watu wengi jiko bora. Kijana anayeambiwa awe mbunifu kabla hajajua kazi yoyote ya mikono, shamba au duka anaombwa aunganishe vitu ambavyo hanavyo.

Madhara ya kuhimiza bila kulea yamepimwa hapa nyumbani. Kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kilichoandaliwa na shirika la Femina Hip na kuonyeshwa Tanzania kwa karibu miezi 3 mwaka 2011, kiliwaonyesha vijana wajasiriamali wakishindana, kikiwa na nia njema ya kuwaelimisha watazamaji kuhusu biashara kupitia burudani. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, baadhi yao wakiwa wamehamasishwa kukitazama. Waliokitazama, hasa wasichana, walionyesha dalili za kupenda zaidi biashara. Lakini matokeo yao ya mitihani yalishuka yakilinganishwa na ya wenzao, wachache zaidi waliendelea na masomo, na haukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walimiliki biashara nyingi kuliko wale wengine. Walichochewa kuiacha njia moja bila kufikishwa katika nyingine. Utafiti huo haupaswi kutumiwa kukishutumu kipindi, ambacho kilitengenezwa kwa ustadi na kupendwa, bali unapaswa kumfikia kila anayepanda jukwaani kuwaambia wanafunzi kwamba vyeti havina maana. Kijana aliyesoma vizuri na aliyewahi kuajiriwa huingia katika biashara akiwa na akiba, na watu anaofahamiana nao, na ujuzi wa kazi moja anayoijua kwa undani. Kuajiriwa kwa miaka kadhaa ni sehemu ya maandalizi, na ni makosa kukuonyesha kama kushindwa.

Kuhusu fedha, mfano wa kaskazini mwa Uganda unafundisha mengi. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilitoa ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, kwa vikundi vya vijana walioandika wenyewe maombi ya kujifunza ufundi na kununua vifaa, kwa wastani wa karibu dola 400 kwa mtu. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwalinganisha waliopata na waliokosa kwa kura, wakaona kwamba baada ya miaka 4 mapato ya waliopata yalikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 tofauti hiyo ya mapato ilikuwa imefifia, kwa kuwa waliokosa nao walikuwa wamejikongoja hadi kuwafikia wenzao, ingawa waliopata walibaki na mali zaidi. Fedha, basi, iliwaharakisha watu ambao tayari walikuwa wamechagua kazi na kuipangia. Hakuna mahali katika ushahidi huo panapoonyesha kwamba iliwaumbia nia.

Tanzania imechagua njia ya mikopo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa, yaani vikundi vilivyokuwapo kwenye karatasi tu, kisha ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nia ya sheria hii ni njema na fedha zake ni za wananchi wenyewe, ndiyo maana udhaifu wake unauma. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hakina kazi nyingine baada ya mkopo kugawanywa. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mfano wa vikoba huanzia upande wa pili: wanachama huweka akiba kwanza, hukopeshana walichokiweka, na kila mmoja anajua kwamba fedha iliyopotea ni ya jirani yake. Halmashauri ingefanya vyema kumuuliza kijana daftari la mauzo la miezi 6 kabla ya kumuuliza andiko la mradi, kwa kuwa andiko huweza kuandikwa na mtu yeyote kwa malipo kidogo.

Anayekosa mkopo wa halmashauri huangukia kwa wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, au kwa programu za simu zinazotoa fedha kwa dakika chache na kuwapigia simu ndugu wa mdaiwa anapochelewa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliorodhesha programu kadhaa za namna hiyo zisizo na leseni. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mkopo ukichukuliwa upya kila unapoisha, hufikia asilimia 240 kwa mwaka kabla riba haijazaa riba, na hakuna genge wala kibanda cha chipsi chenye faida ya kuibeba. Somo hili pekee, likifundishwa vizuri kwa kila mwanafunzi wa kidato cha pili, lingeokoa mitaji mingi kuliko semina zote za hamasa.

Lakini shule haiwezi kuwa mlezi pekee. Mitaala mipya ya Tanzania imelipa somo la biashara nafasi kubwa zaidi, na hilo ni jambo la kushukuru, mradi somo hilo lisiwe la kukariri maana ya jumla na rejareja. Shule moja ikiwa na duka dogo, bustani ya mboga au mradi wa kuku, wanafunzi wakapanga bei, wakaandika mauzo, wakasomewa hesabu hadharani kila mwisho wa mwezi na wakaamua wenyewe faida itumikeje, itakuwa imetekeleza ile sehemu ya Elimu ya Kujitegemea iliyoachwa. Hasara ya trei 2 za mayai yaliyooza itawafundisha juu ya mali iliyolala kuliko ukurasa wowote wa kitabu.

Malezi ya muda mrefu zaidi yako mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Miongoni mwa Waigbo wa Nigeria, kijana hukabidhiwa kwa mfanyabiashara, akamtumikia kwa miaka kadhaa huku akijifunza bidhaa, wateja na watu wa kuagizia, na mwisho wa muda bwana wake humpa mtaji wa kuanzia. Katika maduka ya Kariakoo, Mbeya na Moshi kuna utaratibu unaofanana na huo: mpwa au mtoto wa jirani huletwa kutoka kijijini, hukaa dukani miaka 3 au 4, na akiaminika huanza kupewa mali kauli, yaani bidhaa za kwenda kuuza na kulipia baadaye, kwa ahadi ya mdomo tu. Uaminifu unaojengwa kwa njia hiyo ni mtaji ambao hauhitaji dhamana. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba hauandikwi, kwa hiyo kijana huweza kutumikishwa miaka mingi kwa chakula na malazi, kisha akaondoka mikono mitupu baada ya ugomvi mmoja. Na wasichana, ambao wazazi husita kuwakabidhi kwa mtu, huachwa nje kabisa.

Kwa hiyo wenye maduka, karakana na maghala wanaombwa kila mmoja achukue kijana mmoja, wa kike au wa kiume, aandike naye mbele ya wazazi na mtendaji wa mtaa muda wa kujifunza, posho ya kila mwezi na kiasi atakachopewa siku ya kuondoka, na amkabidhi daftari la mauzo tangu wiki ya kwanza.